Mtaa unawezaje kushiriki katika kurekebisha haki jinai bila kuishia kwenye michango ya kumtoa mtu kituoni?

Mjumbe wa Kanda ya Ziwa (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam.

Naandika kwa niaba ya kamati ndogo iliyoundwa na mkutano mkuu wa mtaa wetu, ulioko pembezoni mwa mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Vijana wengi wa hapa wanaishi kwa bodaboda, kubeba mizigo sokoni na kuuza bidhaa ndogondogo barabarani, na hao ndio wanaokamatwa mara kwa mara: huyu kwa uzururaji, yule kwa kugombana na abiria, mwingine kwa kukutwa na pikipiki ambayo kadi yake haieleweki, na wengine kwa tuhuma za wizi ambazo mara nyingine ni za kweli na mara nyingine ni za kubambikiwa. Utaratibu wetu haujawahi kubadilika. Simu inapigwa usiku, jamaa wanachanga, anatafutwa mtu anayefahamiana na mtu kituoni, na kijana asipotoka kwa njia hiyo anapelekwa mahakamani, kisha gerezani kama mahabusu, na baada ya muda hakuna anayefuatilia shauri lake ila mama yake.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya Kuangalia Jinsi ya Kuboresha Taasisi za Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na ripoti ikakabidhiwa Julai mwaka huohuo. Baadhi yetu tulifuatilia yaliyosemwa siku ile, hususan kuhusu watu kukamatwa kabla ya uchunguzi kufanyika na kuhusu wingi wa vyombo vyenye mamlaka ya kukamata na kuweka kizuizini, tukaona kwamba Tume imeyasema yaleyale tunayoyaona kwa macho. Hata hivyo, mapendekezo ya namna hiyo yanaelekezwa kwa Bunge, kwa wizara na kwa majeshi. Hayatuambii sisi wa chini tufanye nini Jumatatu asubuhi.

Ndani ya kamati kuna mawazo matatu. Wapo wanaotaka twende kwa mkuu wa wilaya kwa wingi wetu na kudai kamatakamata ikome. Wapo wanaotaka tuanzishe mfuko wa dhamana. Na wapo wanaotaka tuchange tumlipe wakili mmoja wa kudumu. Mimi binafsi sijaridhika na lolote kati ya hayo, lakini sina hoja ya kutosha ya kuyapinga. Naomba msaada wa mawazo, hasa kutoka kwa waliowahi kufanya kazi mahakamani, polisi, magereza au kwenye msaada wa kisheria.

Mstaafu wa Mahakama

Ndugu mleta mada, nimeketi mahakama ya mwanzo na baadaye mahakama ya wilaya kwa muda mrefu wa utumishi wangu, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona nikiwa upande ule wa meza.

Nianze na mfuko wa dhamana, kwa sababu hapo ndipo pana kutoelewana kukubwa. Katika makosa madogo ambayo vijana wenu wanashtakiwa nayo, dhamana kwa kawaida haihitaji fedha mkononi. Mshtakiwa anasaini hati ya kiasi fulani, wadhamini wanasaini pamoja naye, na fedha hiyo inadaiwa endapo tu ataruka dhamana. Amana ya fedha au mali inadaiwa na sheria katika makosa yanayohusu mali ya thamani kubwa, ambayo sidhani kama ni mengi mtaani kwenu. Mabango ya vituo vya polisi nayo yanasema wazi kwamba dhamana ni bure. Sasa kama mnachanga kila mara na dhamana ni bure, kamati yenu ijiulize kwa ukweli hizo fedha zinanunua nini, na kama kuzikusanya kwa utaratibu mzuri zaidi hakutakuwa kuupa uovu huo mhasibu.

Upungufu niliouona mimi ulikuwa wa wadhamini. Nilikuwa natoa masharti ya kawaida kabisa, wadhamini wawili wenye kitambulisho cha taifa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, halafu mshtakiwa anageuka kutazama nyuma, hakuna mtu. Ndugu hawakupewa taarifa, au walipewa wakadhani wakija watakamatwa na wao, au wamekuja lakini barua hawana kwa sababu mtendaji yuko safarini. Hakimu hana njia nyingine. Anasaini hati ya kumpeleka mahabusu mtu ambaye dakika tano zilizopita amempa dhamana, karandinga linaondoka, na shauri linakuja tena kwa kutajwa baada ya siku kumi na nne. Msongamano mnaousikia kwenye taarifa za habari sehemu yake inatengenezwa hivyo, na hapo hakuna sheria mpya inayohitajika.

Sisemi kwamba sheria haina matatizo. Yapo makosa ambayo sheria imeyafungia dhamana moja kwa moja, kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji wa fedha, na humo hakimu hana hiari hata akiona kwamba ushahidi ni mwepesi kama unyoya. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba katazo hilo linakwenda kinyume na Katiba, na kabla mwaka haujaisha Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Eneo hilo ni la mapambano ya kitaifa, linahitaji wanasheria, Bunge na muda. Lakini mtaa ukingoja hilo litatuliwe ndipo uanze, utangoja sana.

Jambo la pili ni hatua ya adhabu. Tangu mwaka 2002 tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii, inayomruhusu hakimu, kwa mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu, kumwamuru afanye kazi ya manufaa kwa umma akitokea nyumbani kwake, badala ya kwenda gerezani. Kabla ya kufanya hivyo hakimu anahitaji taarifa ya uchunguzi wa kijamii kutoka kwa afisa wa probesheni: mtu huyu ni nani, anaishi na nani, anamtegemea nani na nani wanamtegemea, majirani wanamchukuliaje, aliyekosewa anasemaje. Afisa huyo huwa ni mmoja kwa eneo kubwa, hana usafiri, na akifika mtaani watu wanamkimbia wakidhani ni askari kanzu. Taarifa isipokuwepo, hakimu anabaki na karatasi ya mashtaka na uso wa mtu asiyemjua, na katika hali hiyo kifungo ndicho kinachokuja kwa urahisi. Mtaa unaotoa maelezo ya kweli, ya uzuri na ya ubaya, unamsaidia hakimu kuliko mtaa unaojaza ukumbi na kunung'unika.

Msaidizi wa Kisheria

Shikamoo mzee, na asante kwa kulisema hilo la michango bila kulizungushia maneno.

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika mkoa mwingine. Kwa wasiofahamu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua rasmi: tunapata mafunzo, tunafanya kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa, hatulipishi, na haturuhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Wapo wanaoliona sharti hilo la mwisho kama udhaifu. Mimi naona linatulazimisha kufanya kazi pale ambapo wakili hafiki, yaani kati ya saa ya kukamatwa na siku ya kwanza ya mahakama.

Ndugu mleta mada, kabla ya kwenda kwa mkuu wa wilaya, anzeni na daftari. Kila mkazi anayekamatwa, andikeni siku na saa aliyokamatwa, kituo alikopelekwa, kosa aliloambiwa, kama ndugu waliruhusiwa kumwona, siku aliyofikishwa mahakamani, masharti ya dhamana aliyopewa, siku aliyotoka na kilichomchelewesha. Msiandike hasira, andikeni tarehe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa bila hati ya kukamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, kwa hiyo tarehe mbili zilizoandikwa vizuri zina uzito kuliko hotuba ya saa nzima.

Niwaeleze tuliloligundua sisi tulipoanza kuandika. Tulidhani tatizo letu kubwa ni polisi. Daftari lilipojaa, tukaona kwamba sehemu nzuri ya wale waliokaa mahabusu kwa makosa yenye dhamana walikuwa wamekwishapewa dhamana siku ileile ya kwanza, kama alivyoeleza mzee, na kilichowazuia ni barua ya mtaa. Ofisi ilikuwa inafungwa mapema, au mhuri alikuwa nao mtu mmoja, au ndugu waliombwa fedha ambayo haikuwa na stakabadhi. Maana yake utetezi wetu wa kwanza wa haki jinai haukuwa dhidi ya Serikali Kuu wala dhidi ya mkuu wa kituo, ulikuwa kwenye mkutano wa mtaa wetu wenyewe, tukidai kwamba barua ya mdhamini itolewe siku ileile, bila malipo, na kwamba mwenyekiti akiwa hayupo ijulikane nani anasaini. Watu wengine walinuna. Lakini hilo lilibadilisha mambo haraka kuliko semina zote tulizowahi kuhudhuria.

Daftari hilohilo ndilo linalowafungulia mlango wa pili. Katika wilaya kuna vikao vya kusukuma mashauri, ambapo mahakama, waendesha mashtaka, polisi, magereza na ustawi wa jamii hukaa pamoja kuzungumzia mashauri yaliyokwama. Mtaa hauna kiti pale, lakini taasisi ya msaada wa kisheria iliyosajiliwa inaweza kuomba kuwasilisha jambo, na msajili msaidizi wa msaada wa kisheria katika halmashauri, ambaye mara nyingi ni afisa maendeleo ya jamii, anaweza kulifikisha. Mkienda na malalamiko mtaambiwa leteni ushahidi. Mkienda na orodha ya tarehe, mkuu wa upelelezi atauliza jalada moja moja liko wapi, kwa sababu hata yeye hapendi kuulizwa mbele ya hakimu mfawidhi.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo kamati ilijue. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, kanuni ya jumla ni kwamba mashtaka yasifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Ule wimbo wa "upelelezi haujakamilika" tuliouzoea umepungua katika makosa madogo, na hilo ni jema. Ila shinikizo limehama. Sasa hatari ni mtu kukaa kituoni au kuachiwa kwa dhamana ya polisi na kuambiwa aripoti kila wiki kwa miezi, bila shauri na bila kufutiwa. Kwa hiyo jicho la mtaa, ambalo zamani lilipaswa kuwa mahakamani, kwa sasa lihamie kwenye kaunta ya kituo.

Muuza Vipuri

Nimesoma kwa makini na nitasema kile ambacho wengi mtaani wanakisema kwa sauti ya chini. Mnazungumza sana juu ya aliyekamatwa. Mimi duka langu limevunjwa, waliokamatwa wakatoka kwa dhamana kabla sijamaliza kuhesabu hasara, na mmoja wao alikuwa akipita mbele ya duka akinisalimia. Hakuna mtu aliyekuja kunieleza shauri limefikia wapi. Niliitwa kutoa ushahidi, nikafunga duka siku nzima, nikaambiwa shauri limeahirishwa. Sasa mnataka mtaa uunde kamati ya kuwaandikia barua na kuwatafutia wadhamini. Na mimi kamati yangu iko wapi?

Ninyi mnaolaumu wananchi wanaojichukulia sheria mkononi, jueni kwamba watu hawapigi mwizi kwa kupenda tu damu. Wanampiga kwa sababu wanaamini wakimpeleka kituoni atarudi kesho. Siitetei tabia hiyo. Ninaeleza inatoka wapi.

Msaidizi wa Kisheria

Kaka yangu Muuza Vipuri, pole kwa hasara, na hoja yako naichukua yote isipokuwa sehemu moja ndogo.

Ni kweli kwamba mashirika mengi, likiwemo letu kwa miaka ya mwanzo, yalijenga huduma zao upande wa mtuhumiwa peke yake, na matokeo yake mtaa ukatuona kama watetezi wa wezi. Ibara ya 107A ya Katiba, inayoorodhesha misingi ambayo mahakama zitaifuata katika kutoa haki, inataja fidia kwa wanaoathirika kutokana na makosa ya wengine na inataja usuluhishi, sambamba na kutochelewesha haki bila sababu ya msingi. Hakimu anaweza kuamuru fidia, lakini ni nadra mlalamikaji kuiomba kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba inaombwa. Kwa hiyo daftari la mtaa liwe na kurasa za walalamikaji pia: shauri lako linatajwa lini, umeitwa shahidi mara ngapi, nani atakaa dukani siku ya ushahidi, na nani atakusaidia kuandika orodha ya mali iliyopotea kabla kumbukumbu haijafifia.

Sehemu ninayoikataa ni ile ya dhamana. Aliyetoka kwa dhamana hajaachiwa huru, shauri lake liko palepale, na ana wadhamini wawili wanaojua kwamba akikimbia watadaiwa wao. Mtu anapotoka kwa kufahamiana na mtu kituoni, hana mdhamini, hana tarehe ya kurudi, na jalada lake laweza kupotea. Ukinihoji mimi ni yupi kati ya hao wawili ninayetaka apite mbele ya duka langu, nitamchagua yule ambaye mwenyekiti wa mtaa anajua saini yake iko wapi. Hili linahitaji kuelezwa mikutanoni, na linaeleweka vizuri zaidi likielezwa na hakimu mwenyewe. Wiki ya Sheria, inayofanyika kila mwaka kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, watumishi wa mahakama hutoka kwenda kwa wananchi kutoa elimu. Waalikeni mapema kwa barua, msiwangoje stendi.

Mkaazi wa Kisumu

Naomba niingilie kati kutoka upande wa pili wa mpaka, kwani sisi Kenya tumepitia baadhi ya njia mnazozijadili, na zipo zilizotufaa na zilizotuchoma.

Ile fikira ya mtaa kupata kiti rasmi, sisi tunayo kwa jina la Kamati za Watumiaji wa Mahakama. Zilianza kama mipango ya hiari ya mahakimu, kisha zikapata nguvu chini ya Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, lililoundwa na Sheria ya Huduma za Mahakama ya mwaka 2011. Pale hakimu anayesimamia kituo anakaa na polisi, waendesha mashtaka, magereza, maafisa wa uangalizi wa wafungwa, mawakili na wawakilishi wa jamii. Katika kituo chenye hakimu mwenye ari, kamati inatatua mambo ambayo yangehitaji kesi nzima. Katika kituo ambacho hakimu hana haja nayo, ni chai na mandazi. Kwa hivyo kupata kiti ni mwanzo tu. Mwakilishi asiye na rekodi mkononi hana la kusema zaidi ya kushukuru kwa kualikwa, na ndiyo maana naunga mkono lile daftari.

Vituo vya haki vya mitaani, kama kile cha Mathare jijini Nairobi, vilijenga sifa yao kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2017 kituo cha Mathare kilichapisha ripoti ya mauaji ya vijana mikononi mwa polisi kwa kipindi cha mwaka 2013 hadi 2016, iliyokusanywa na wakaazi wenyewe, nyumba kwa nyumba. Kabla ya hapo kila kifo kilikuwa habari ya siku moja. Akina mama waliopoteza watoto wao wakajiunga pamoja, wakawa wanasindikizana kortini na kwa mamlaka inayosimamia mienendo ya polisi, na mama mmoja akiitwa kutoa taarifa hakuwa anakwenda peke yake. Mara nyingi shahidi huvunjwa moyo kwa kuachwa peke yake, bila hata kutishwa.

Sasa tahadhari. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 159, inazitaka korti ziendeleze upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro, ila zisikiuke haki za kimsingi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana na fidia kulipwa kwa mila na dini yao. Wengine walishangilia, wengine wakashtuka, na mabishano hayo hayajatulia hata baada ya Sera ya Mifumo Mbadala ya Haki kuzinduliwa mwaka 2020. Mimi niko na walioshtuka. Nimeketi katika vikao vya wazee ambapo msichana aliyenajisiwa hakuulizwa neno hata moja, huku baba yake akihesabiwa mbuzi. Kamati yenu ikianza kusifiwa kwa kupatanisha watu, italetewa hata yale yasiyopatanishika, na shinikizo litatoka kwa watu wanaoheshimika. Andikeni mapema, kwa wino, makosa ambayo hamtayagusa.

Nimalizie na lile la uzururaji, kwani mleta mada amelitaja kana kwamba ni jambo la kawaida. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako kwenu Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwa ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika, ikasema kwamba sheria zinazomwadhibu mtu kwa kuzurura au kukosa kazi inayoonekana zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zinapaswa kuzipitia na kuzibadilisha au kuzifuta. Malawi ilikwishatangulia: Januari 2017 Mahakama Kuu yake ilifuta kifungu cha namna hiyo katika shauri la mchuuzi aliyekamatwa alfajiri akielekea kwenye biashara yake. Maoni ya ushauri hayafungi mtu mkono, lakini mtaa ukiandika kwa mkurugenzi wa mashtaka ukiambatisha maoni ya mahakama iliyoko nchini mwenu na orodha ya wachuuzi waliokamatwa, hiyo si barua ya kutupwa kirahisi.

Mjumbe wa Kanda ya Ziwa (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nimeyasoma majibu haya mbele ya kamati jana jioni, na wazo la kwenda kwa mkuu wa wilaya kwa wingi limewekwa kando kwa sasa, hasa baada ya mmoja wetu kukumbusha kwamba mkuu wa wilaya mwenyewe, kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, ana mamlaka ya kumweka mtu ndani hadi saa arobaini na nane. Tulicheka, lakini si sana.

Tumekubaliana daftari lianze, la pande zote mbili kama alivyoshauri dada Msaidizi, na suala la barua za wadhamini liingie kwenye ajenda ya mkutano ujao wa mtaa. Mfuko umekataliwa, ingawa si kwa kauli moja.

Maswali mawili yamebaki. La kwanza, tunafikiria kuwa na orodha ya wadhamini wa kujitolea, watu wazima wenye makazi ya kudumu, ili kijana asiye na ndugu mjini asibaki mahabusu kwa kukosa wa kumsainia. Je, hilo ni salama kisheria na kibusara? La pili, nani ashike daftari? Mwenyekiti wa mtaa anataka likae ofisini kwake. Vijana wa kijiweni wanasema likikaa ofisini hawatakuja kuandikisha.

Mstaafu wa Mahakama

La kwanza lina faida na lina mtego. Hakimu akiwaona watu walewale wakimdhamini kila anayekuja, atashuku kwamba ni wadhamini wa kukodiwa, aina ambayo imezagaa kwenye viwanja vya mahakama na ambayo huwakataa akiwatambua. Kwa hiyo msiwe na wadhamini wachache wa kudumu. Muwe na wengi, kila mmoja asimame kwa mtu anayemfahamu kweli, na asisimame kwa mtu mwingine mpaka shauri la kwanza limalizike. Waelezwe kabla ya kusaini, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba mshtakiwa akitoroka wataitwa kueleza kwa nini kiasi walichosaini kisitaifishwe, na kwamba wakishindwa kulipa sheria ina njia za kuwabana. Mzee mwenye nyumba moja na wajukuu asisukumwe kwenye jambo hili kwa aibu. Pia mkumbuke kumsindikiza mshtakiwa siku ya kutajwa. Wengi wanaoruka dhamana hawakimbii, wanasahau tarehe au wanakosa nauli, na baada ya hati ya kukamatwa kutolewa wanaogopa kurudi. Hilo mtaa unalimudu kwa ujumbe wa simu usiku wa kuamkia tarehe.

La pili, naomba dada Msaidizi alijibu, maana amelifanya.

Msaidizi wa Kisheria

Kwetu ofisi ya mtaa haikulishika, na kijiwe hakikulishika. Lilishikwa na katibu wa kikundi cha akina mama cha kukopeshana, kwa sababu tayari alikuwa anaaminiwa na kitabu cha fedha na kila mtu alijua nyumba yake usiku na mchana. Mwenyekiti alipewa muhtasari kila mwezi usio na majina. Majina ni siri: kuna waliokamatwa wakaachiwa bila kosa, kuna walalamikaji wa mashauri ya ukatili wa kijinsia ambao kutajwa kwao ni hatari, na kuna watoto chini ya miaka kumi na nane ambao Sheria ya Mtoto ya 2009 inawalinda wasitambulishwe. Kwa watoto tumieni ukurasa tofauti, na kila akikamatwa mtoto simu ya kwanza iende kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote.

Mkikutana na mwenyekiti, mwambieni kwamba muhtasari wa kila mwezi utakuwa na safu moja inayohusu ofisi yake: barua ngapi za wadhamini ziliombwa, ngapi zilitolewa siku ileile. Akikubali safu hiyo iwepo, hilo la nani ashike daftari halitakuwa gumu.